Kimbunga Kimesingiziwa

SEHEMU YA KWANZA

Tangazo lilitoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa, tarehe 3 Mei 2024, ingawa kila mwenye redio kisiwani Chole alikwisha kulisikia: Kimbunga Hidaya kinausogelea mwambao, chombo kisitoke. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekichorea njia kwenye ramani, na njia hiyo ilikuja kuchoma Mafia.

Vijana wakazisukuma ngalawa ndani ya mikoko na kuzifunga kamba mbili mbili. Wenye nyumba za bati wakapandisha mawe juu ya paa. Wenye makuti wakakaza kamba, mengine wakamwachia Mola. Barazani, mzee mmoja akasema yeye kaona makubwa kuliko hayo, kimbunga cha mwaka 1952 kilichoipiga Lindi. Hakuna aliyembishia, maana hakuna mwingine aliyekuwa na umri wa kumbishia.

Chole ni kisiwa kidogo. Ukiinjika ubwabwa ukatoka kukizunguka kwa miguu, utarudi haujaungua. Kupotea humo ni kazi. Ndiyo maana watu hawakuelewa, na mpaka leo wapo wasioelewa, walipoamka Jumamosi wakaambiwa Zuhura hayupo.

Zuhura binti Athumani alikuwa na miaka 18. Shaweji wa Jibondo alikuwa na 19, akijifunza kuunda mashua kwa babu yake. Walipendana kwa mtindo wa visiwani: kila mtu alijua, na kila mtu alijifanya hajui. Hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa posa. Kabla ya Ramadhani tajiri mmoja anayenunua samaki wa jumla soko la Feri, Dar es Salaam, mtu wa makamo mwenye wake wawili, alileta washenga Chole, na Athumani akapokea. Harusi ilipangwa kufanyika kabla ya Idi ya kuchinja.

Mara ya mwisho wawili hao walionekana magharibi ya Ijumaa ile ile, karibu na magofu ya Wajerumani, popo wakubwa wa Chole wakiwa ndiyo kwanza wanaruka kwenda kutafuta riziki. Mtoto aliyetumwa mafuta ya taa aliwaona. Shaweji alikuwa amejifunika gunia kichwani kwa manyunyu. Zuhura alikuwa akicheka. Mtoto yule alirudia neno hilo kwa kila aliyemuuliza, na wakubwa wakamkemea kana kwamba amesema uchafu.

Bi Saumu, mama mdogo wa Zuhura, ndiye aliyemlea tangu dada yake afariki. Walikaa ua mmoja na shemeji yake Athumani, milango ikitazamana, jiko moja katikati. Usiku ule, yapata saa nne, Bi Saumu alijitanda kanga, akaingia jikoni kuziokoa kuni zisilowe. Akazipandisha kwenye dari, akafunika mtungi, akaangaza tochi huku na huku kuona kama paa linavuja. Mlango wa Athumani ulikuwa umefungwa. Akadhani wote wamelala. Akarudi kwake.

Jumamosi haina mengi ya kusimulia, kwa sababu hakuna aliyeona kitu. Upepo ulikuwa na sauti ya lori lisilopita. Minazi iliangukia migomba, mabati yakaruka, na kati ya Chole na Utende bahari ikawa nyeupe hadi mwisho wa macho. Watu walikaa ndani wakisoma kila walichokijua. Athumani alisimama mlangoni mwa Bi Saumu mara moja tu, maji yanamchuruzika, akauliza, "Shemeji, Zuhura yuko kwako?" Bi Saumu akamjibu hayupo. Athumani akatikisa kichwa, akaondoka. Hakuuliza la pili.

Usiku ule upepo ukachoka. Jumapili jua likatoka bila haya, kama si lenyewe lililojificha jana yake, na msako ukaanza. Mashua mbili. Athumani alikaa usukani wa ile ya mbele, wala hakwenda Utende, hakwenda Jibondo. Alikwenda moja kwa moja Juani, upande wa magofu ya Kua.

Kua ina sifa zake. Wazee wa Mafia husimulia karamu ya harusi iliyofanyika huko zamani, ambapo wageni waliingizwa chumba cha chini ya ardhi, wakakirimiwa, wakazibiwa mlango kwa ukuta wakiwa hai. Ni kisa cha kisasi, kirefu, nacho kina matoleo. Kinachotosha hapa ni kwamba mtu wa Chole haendi Kua usiku bila sababu, na vijana wawili wanaotaka kufichama kwa watu hawatapata mahali pazuri zaidi.

Walipofika ukingoni mwa mikoko, mtu wa mbele akapiga kelele. Juu ya jiwe la matumbawe, zimepangwa sambamba, palikuwa na ndala za kike, rangi ya buluu. Basi. Habari ikafungwa hapo hapo. Walivuka kwa miguu maji yalipokupwa, wakasema watu, wakajificha Kua, na walipotaka kurudi kimbunga kikawabeba. Mwenyekiti wa kijiji akaandika hivyo kwenye daftari lake, akapiga simu Kilindoni, akawaambia polisi hivyo hivyo. Wanawake wakaanza kulia tangu ufukweni.

Bi Saumu hakulia. Alipokea zile ndala kwa mikono miwili, akazigeuza. Gidamu ya kushoto ilikuwa imekatika na kufungwa kwa uzi wa nyavu wa kijani. Fundo lile alilifunga yeye mwenyewe, Ramadhani.

Magoti yakamlegea, akakaa juu ya mchanga. Ndala hizi alikuwa ameziona Ijumaa saa nne usiku, nyuma ya mtungi, kwa mwanga wa tochi yake. Zuhura alikuwa ameondoka tangu magharibi. Nani aliyezileta Juani?

SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: Zuhura na Shaweji wametoweka usiku wa kuamkia kimbunga. Ndala za Zuhura zimeokotwa Juani, lakini Bi Saumu aliziona jikoni saa nyingi baada ya binti kuondoka. Endelea.

Hakusema neno. Mwanamke aliyezoea kuvua pweza hujifunza kunyamaza, kwa maana pweza ukimshtua anaingia ndani zaidi.

Tena huko kwenye pweza ndiko alikopatia la pili. Usiku ule, akiwa kitandani, alihesabu mwezi kwa vidole. Usiku wa Ijumaa ulikuwa wa kuamkia mwezi 25, Mfungo Mosi. Mwezi 25 ni maji mafu. Bahari haijai ikafurika wala haikupwi ikakauka. Inazubaa tu katikati. Mkondo kati ya Chole na Juani unapitika kwa miguu kwenye bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, na hata hapo uwe unajua pa kukanyaga. Mwezi 25 mtu mzima anafikwa na maji kifuani, na upepo wa kimbunga ukiyasukuma kutoka bahari kuu yanazidi. Yeye amepita mkondo ule na kikapu kichwani tangu akiwa msichana. Wanaume waliosema "walivuka kwa miguu" walikuwa wavuvi wa mashua, wasiojua bahari ya chini ya goti.

Kwa hiyo watoto hawakuvuka kwa miguu. Na kama hawakuvuka, kimbunga hakikuwakuta Juani. Kimbunga kimesingiziwa.

Jumanne Athumani akatangaza hitima.

"Shemeji," Bi Saumu alimwambia mbele ya watu, kwa adabu zote, "hitima ya nani? Maiti hatujaiona."

"Bahari hairudishi kila inachochukua, shemeji."

"Lakini siku ya tatu tu?"

Hata sheikh alisita. Akasema tusome dua, tuwaombee popote walipo, hitima ingojee. Athumani akashika neno lake, na kwa kuwa ndiye baba, ikasomwa. Tajiri wa Feri alifika kwa kivuko cha Nyamisati, kanzu nyeupe, uso wa huzuni ya mtu aliyepoteza mali. Baada ya pilau alimvuta Athumani pembeni. Bi Saumu alikuwa akikosha sinia nyuma ya ua wa makuti, na makuti, msomaji wangu, hayajawahi kuzuia sauti. Alimsikia tajiri akisema, "Basi, yale tuyaache. Marehemu hadaiwi."

Yale yapi? Mahari ilikuwa haijatolewa, au ndivyo Athumani alivyowaambia.

Kesho yake mwezi ukakaribia kuandama na bamvua ikaingia. Wanawake wote wa Chole walishuka na fimbo zao za pweza. Bi Saumu alibaki nyuma makusudi, kisha akapanda dau la watu waliokuwa wakivuka kwenda Jibondo.

Jibondo ni kisiwa cha mawe na mafundi. Kwa maji ya kunywa, tangu zamani walitegemea mvua au waliyafuata visiwa vingine, lakini mashua zao zimefika kusikohesabika. Bi Saumu alimkuta Mzee Shomari, babu yake Shaweji, ufukweni chini ya chombo kisichokamilika, amekaa tu, pamba ya kukalafati iko mapajani na nyundo iko chini.

"Hodi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nikupe pole ya msiba au pole ya kupotelewa?"

"Hilo ndilo nililolifuata, mzee."

Mzee akamtazama kitambo. Kisha akanyanyuka, akafungua sanduku lake la vifaa, akamwonyesha ndani bila kusema. Nyundo kubwa ilikuwamo, na msumeno mrefu. Keekee haikuwamo. Patasi mbili hazikuwamo. Na tezo, ile tezo ya mpini wa mkwaju aliyoachiwa na baba yake, mahali pake palikuwa patupu.

"Mtu anayekwenda kufa habebi tezo," akasema Mzee Shomari. "Anayebeba tezo anakwenda kutafuta kazi."

Bi Saumu alihisi pumzi ikimrudi kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Wako hai, basi. Wamekimbilia mahali panapoundwa vyombo. Kilwa? Nungwi? Akauliza kwa nini mzee hakuyasema hayo kwa polisi.

"Nimwambie nani? Nilikatazwa."

"Na nani?"

"Wewe si wa kwanza kuja hapa kumuulizia Shaweji, mwanangu. Ijumaa, kama saa tatu usiku, upepo umeanza kunusa nusa, alikuja mtu kwa mashua. Nilijua kilichomleta kabla hajateremka. Nikadhani leo kuna damu." Mzee akaokota pamba yake, akaanza kuisokota upya ingawa ilikuwa imekwisha sokotwa. "Haikuwa damu. Alimuita mjukuu wangu pembeni, wakanong'ona, Shaweji akakimbia kuchukua vifaa. Wakaondoka pamoja. Binti alikuwa amekaa mbele ya mashua, kajifunika tanga."

"Nani, mzee? Nani aliyekuja?"

"Shemeji yako. Athumani."

SEHEMU YA TATU

Ilipoishia: Mzee Shomari amefichua kuwa baba mzazi wa Zuhura ndiye aliyewachukua vijana kwa mashua usiku wa kuamkia kimbunga. Endelea.

Athumani alikuwa akitengeneza wavu alipoona kivuli cha Bi Saumu kinasimama mbele yake na hakiondoki. Bi Saumu akatupa ndala za buluu juu ya wavu.

"Fundo hilo nilifunga mimi," akasema.

Ilichukua muda. Athumani si mwongo wa kuzaliwa, na mwongo wa kujifunza huchoka haraka. Akayatoa yote, macho kwenye wavu.

Mahari ilikwisha tolewa. Shilingi milioni nne, mkononi, pamoja na masharti. Akanunua nazo mashine ya boti ili avue maji ya mbali kama wenzake, na mashine ikafa mwezi wa pili. Pesa hana, mashine hana, na binti kamwambia uso kwa uso kwamba hatakwenda Dar es Salaam. Kumrudishia tajiri mahari hawezi. Kumlazimisha mtoto wa marehemu mkewe hawezi pia. Alijaribu, akasema, akashindwa kulala. Ndipo redio ikaanza kutangaza Hidaya.

"Nikaona njia, shemeji. Kifo kinafuta deni."

Jahazi moja lenye mashine lilikuwa limetia nanga nje ya Jibondo. Nahodha wake alikuwa amebeba majongoo bahari, ambao sheria imekataza wasivuliwe, na kwake yeye usiku ambao hakuna chombo kinachotoka ni usiku ambao hakuna doria. Alipanga kuvuka mapema, aingie midomo ya Rufiji kabla upepo haujashika, ajifiche kwenye mikoko ya delta mpaka kimbunga kipite. Akakubali abiria. Athumani akamlipa akiba yake ya mwisho. Akawaona watoto wanapanda. Shaweji alimbusu mkono. Zuhura hakusema kitu, alimshika tu baba yake shingoni mpaka nahodha akagomba.

Athumani alirudi Chole alfajiri, upepo ukimpiga mgongoni. Ndala alizichukua jikoni baadaye, akaziweka chini ya ubao wa mashua Jumapili asubuhi, akazipanga juu ya jiwe wenzake walipokuwa wanafunga kamba.

"Wangenipa habari wakifika," akasema. "Muamala wa shilingi 1,000 kwenye simu yangu, kutoka namba yoyote. Hiyo ndiyo alama tuliyoagana." Akaitoa simu mfukoni. Ilikuwa na ufa katikati na asilimia chache za chaji. "Leo siku ya tano."

Hapo ndipo Bi Saumu alipoelewa kwa nini yule mwanamume alikuwa amekonda katika wiki moja. Watu wazima wawili walikaa pale, mmoja kasomea hitima watoto aliojua wako hai, na sasa hajui tena. Alitaka kumtukana. Alikuwa na matusi mazuri tu, ya pwani, yaliyopangika. Badala yake akasema, "Kesho kutwa twende Kilindoni. Jahazi linalotoka delta litauza mahali, na litanunua mafuta mahali."

Ijumaa wakavuka kwenda Utende, wakapanda bajaji, wakaifuata lami mpaka Kilindoni. Barabarani vijana walikuwa bado wanakata minazi iliyolala. Redio ya bajaji ilikuwa ikizungumzia barabara ya Lindi iliyokatika Somanga, magari yamekwama, na dereva akasema afadhali sisi tuna bahari, ingawa hakuna aliyemjibu.

Bandarini kulikuwa na vyombo vingi kuliko kawaida, kila kimoja kikifidia siku kilizopoteza. Athumani alitembea gatini akitazama majina ya mashua moja moja. Bi Saumu hakutazama mashua. Alikwenda pale wanapouza vikorokoro: nyavu kuukuu, mapipa, betri, spana zenye kutu. Alipiga hatua kumi na mbili tu kuingia, akasimama.

Juu ya gunia, kati ya spana mbili, ilikuwapo tezo yenye mpini wa mkwaju.

Akaiokota. Mpini ulikuwa umelainika kwa mikono ya watu watatu, baba, mwana na mjukuu, na chini kabisa palikuwa na mikwaruzo mitatu midogo, alama ya Mzee Shomari. Kwenye shingo, pale chuma kinapoingia mtini, palikuwa na kitu cheusi kilichokaukia. Lami ya kukalafati, akajiambia. Lazima iwe lami.

"Kaka, hii umeitoa wapi?"

Muuzaji, kijana mwenye kofia ya mpira, akanyoosha kidevu bila kuinua macho kwenye simu yake. "Ya yule pale. Kaniletea leo asubuhi, na keekee na patasi zake. Elfu 15 zote, dada, usinipunguzie."

Yule pale alikuwa amekaa juu ya dumu la dizeli, anakunywa kahawa, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa kuanzia kiganja hadi kiwiko. Kabla Bi Saumu hajafumbua kinywa alisikia nyuma yake Athumani akivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Ndiye," Athumani akanong'ona. "Ndiye nahodha."

Nahodha naye akamwona. Hakukimbia. Aliweka kikombe chini taratibu, akasimama, akamkazia macho Athumani kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa.

"Wewe! Wewe una uso wa kunitafuta? Ungeniambia mapema, nisingetia tanga."

"Ningekwambia nini? Watoto wangu wako wapi?"

"Watoto!" Nahodha akacheka, kicheko kibaya, akauinua ule mkono uliofungwa. "Umenipa watoto wawili mkononi mwako. Mwingine umemtia ngamani nikiwa nang'oa nanga, ukadhani sitamwona."

"Mwingine yupi?" Athumani aligeuka kumtazama Bi Saumu, kisha akamgeukia tena nahodha. Midomo ilikuwa imekauka. "Wallahi nilileta wawili."

Nahodha alimtazama muda mrefu, akipima kama mtu huyu anadanganya au la. Kisha hasira ikamtoka usoni, na kilichobaki hakikuwa kizuri zaidi. Akasogea karibu, akashusha sauti ili mwenye kofia ya mpira asisikie.

"Basi sikilizeni vizuri," akasema. "Mimi nilisafiri na watatu. Nikashusha wawili."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO